Besi ya kwanza kwa laki sita, Mwanza: nyuzi nne ya mtumba au nyuzi tano mpya?

Kwaya_Buzuruga

Habari za jioni wakuu. Naanza kujifunza gitaa la besi, lengo ni kupiga kwaya kanisani na rumba kidogo. Bajeti ni laki sita kwa kila kitu, gitaa na vinavyoambatana nalo.

Hapa mjini nimeona mawili. La kwanza ni la mtumba, nyuzi nne, lina pikapu moja (kile kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi) iliyokatwa vipande viwili vilivyopishana, nobu mbili tu. Anataka laki tatu na nusu. Nyuzi zina kutu na ziko juu mno, ukibonyeza kuelekea kwenye bodi, yaani mwili wa gitaa, vidole vinauma. La pili ni jipya, nyuzi tano, laki nne na themanini, chapa yake siijui, nyuma lina kifuniko cha betri. Linang'aa kweli.

Nyumbani nina sabufa tu, sina amplifaya. Nichukue lipi, na nikifika dukani nikague nini? Kuna anayeniambia niagize Kariakoo liletwe kwa basi, nalo nalifikiria.

---

Fundi_Nyuzi

Karibu kwenye besi, mkuu. Usilipite lile la mtumba kabla hujalipima.

Pikapu ya vipande viwili vilivyopishana ni ya muundo wa Precision. Fender waliitoa besi hiyo mwaka 1951, na pikapu ya namna hiyo ikaja 1957. Vile vipande viwili vimeunganishwa ili mvumo wa umeme unaoingia upande mmoja ufutwe na wa upande wa pili, kwa hiyo hata mahali penye taa za tyubu na nyaya zilizorundikana linakaa kimya. Nobu moja ni ya sauti, nyingine ya toni. Halina betri, na vya kuharibika upande wa umeme ni poti mbili (vile vinavyozungushwa na nobu) na jeki, yaani tundu la kebo. Kwa mwanafunzi wa bajeti ndogo sijaona muundo unaoushinda huo.

Kutu ya nyuzi isikusumbue, nyuzi hubadilishwa. Nyuzi kuwa juu mno ndilo jambo la kuchunguza, kwa sababu linaweza kuletwa na mambo matatu tofauti. Inawezekana vile vipande vidogo vya chuma vinavyobeba nyuzi kwenye daraja, pale zinapofungwa kwenye bodi, vimeinuliwa tu. Inawezekana shingo imevutwa mbele na nyuzi, maana nyuzi nne zikishatyuniwa zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, usiku na mchana. Hayo mawili yanarekebishika. La tatu ni shingo kujinyonga, upande wa uzi mnene umeenda huku na upande wa uzi mwembamba kule. Hilo liache dukani hata akushushie bei mpaka laki moja.

Ukaguzi wenyewe, kwa mpangilio huu:

Lityuni kwanza. Shingo hupinda kulingana na mvuto wa nyuzi, ukiipima nyuzi zikiwa zimelegea utadanganyika. Kuanzia uzi mnene: E, A, D, G. Programu ya kutyuni ya simu inatosha, ila maikrofoni za simu nyingi hazisikii vizuri E ya chini, ambayo ni hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde). Freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo, vinahesabiwa kuanzia kichwani. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, uachie. Utatoka mlio wa oktavu moja juu, yaani noti ile ile ikiwa nyembamba zaidi, na simu itausoma bila kubahatisha.

Kisha shika gitaa kama unayelenga bunduki, jicho likiwa upande wa daraja, utazame kichwani. Freti ya kwanza na freti ya mwisho zilale sambamba kama ngazi iliyonyooka. Zikipishana, shingo imejinyonga.

Baada ya hapo bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa kidole cha mkono mmoja, na kwenye freti iliyopo pale shingo inapokutana na bodi kwa mkono mwingine. Uzi sasa umekuwa rula. Mwambie mtu aangalie nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Inayotakiwa ni karibu milimita 0.3, yaani karatasi tatu za kutolea kopi zikiwa zimebebana. Nenda nazo mfukoni. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Ikipita hapo kwa raha, shingo imevutwa mbele na inahitaji kukazwa. Nafasi isipokuwepo kabisa na nyuzi zinakwaruza freti za mwanzo, shingo imerudi nyuma.

Kinachokaza ni fimbo ya chuma iliyopita ndani ya shingo, trasirodi. Mdomo wake upo kichwani au chini pale shingo inapoingia kwenye bodi, na spana yake ni ya umbo la L, mara nyingi milimita 4 au 5. Chungulia lile tundu la pembe sita. Pembe zikiwa zimeshalika, spana itazunguka bure, na shingo iliyopinda yenye trasirodi mbovu ni hasara tupu. Omba pia ruhusa ya kuikaza kidogo sana mbele ya muuzaji. Ikiwa imefika mwisho na shingo bado imepinda, mrudishie gitaa lake na umshukuru.

Mwisho piga kila uzi kwenye kila freti, moja moja, kuanzia ya kwanza. Ndiyo, ni sauti zaidi ya 80 na muuzaji atachoka. Mlio ukikwaruza mahali pamoja tu, kuna freti iliyoinuka au iliyolika. Ukikwaruza kila mahali, ni marekebisho tu. Na ukikuta kwenye uzi wa G, kati ya freti ya 5 na ya 7, sauti inazimika mapema kuliko jirani zake, usilikatae gitaa kwa hilo. Besi za shingo ya boliti, hata za bei kubwa, nyingi zina pahala hapo panapokufa kwa sababu shingo yenyewe inatetema na kunyonya sauti.

---

Dada_Toni

Naongezea upande wa umeme, Fundi kamaliza mbao.

Chomeka gitaa kwenye chochote kilichopo dukani, sauti ndogo. Zungusha nobu polepole mwanzo hadi mwisho. Ikikwaruza ni vumbi au oksidi ndani ya poti, dawa yake ni spreya ya kusafishia viungo vya umeme, ile wanayotumia mafundi simu. Usikubali mtu apulize spreya ya kulegezea boliti zilizoshika kutu, inaacha mafuta yanayokamata vumbi jipya. Tikisa jeki. Sauti ikikatika, mara nyingi nati ya nje imelegea tu. Unapoikaza shikilia jeki kwa ndani isizunguke, la sivyo nyaya zilizolehemiwa zitanyonyoka.

Sasa acha kugusa nyuzi kabisa, usikilize mvumo. Shika nyuzi. Mvumo ukipungua, waya wa ardhi unaofika kwenye daraja ni mzima. Usipobadilika, waya huo umekatika au haukulehemiwa, na fundi redio yeyote anaweza kuurudisha. Ila ukisikia umeme unakuchoma vidoleni, chomoa papo hapo. Hapo tatizo liko kwenye amplifaya au soketi yao, si kwenye gitaa.

Lile la betri: kifuniko hicho ni cha betri ya volti 9 inayoendesha saketi ya kuongeza na kupunguza besi na treble. Betri ikichoka sauti inaanza kupasuka, kisha inapotea, na wengi wakifikia hapo hukimbilia kubadili kebo. Karibu magitaa yote ya aina hiyo huwaka unapochomeka kebo kwenye jeki ya gitaa, si unapowasha amplifaya. Ukiiacha kebo usiku kucha unakula betri. Si ubaya, lakini anayeanza hahitaji gharama hiyo.

Jambo jingine, angalia chapa iliyoandikwa kichwani. Jina kubwa kwa bei ya ajabu halitoshi. Bidhaa ya bei nafuu ya Fender yenyewe huandikwa Squier. Ukipitisha ukucha na chapa inainuka kama stika ya pipi, au imekaa upande, lipe gitaa hilo bei ya gitaa lisilo na jina. Linaweza kuwa zuri tu, ila usilipie jina.

---

Kwaya_Buzuruga

Asanteni sana, nitaenda Jumamosi na karatasi zangu tatu. Kwa hiyo nyuzi tano niachane nazo? Kanisani kwetu besi zote ni za nyuzi tano, na mwalimu wa kwaya anapenda nyimbo za ufunguo wa D na E flati. Na sabufa je, naweza kuchomeka?

---

Besi_Nyegezi

Mimi napingana kidogo na wenzangu kuhusu nyuzi tano. Uzi wa chini wa besi ya nyuzi nne unaishia E. Kwaya ikiwa D, ile D nzito chini kabisa huna, unalazimika kuruka oktavu juu, na wimbo unakosa sakafu pale waimbaji wanapoitegemea. Mpiga kinanda ana kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo, anabonyeza na kuendelea na vidole vilevile. Mpiga besi hana kitufe hicho. Kama vyombo vya kanisani tayari ni vya nyuzi tano, ni vyema mkono uzoee mapema.

Ila nakubaliana na jambo moja: nyuzi tano za bei ndogo zina ugonjwa wake, nao ni uzi wa B. Ule ni hezi 31. Kwenye besi ya kawaida, ambayo uzi ni inchi 34 kutoka mwisho wa shingo kule kichwani hadi kwenye daraja, uzi mwembamba kuliko inavyotakiwa unalegea kama kamba ya kuanikia nguo, na sauti yake haina umbo. Ukilipima lile jipya, piga uzi wa B wazi, kisha uzi huo huo kwenye freti ya 3 na ya 5. Kama husikii noti ipi ni ipi, uzi huo utakuwa pambo. Jaribu kuuliza uzi wa B ni wa unene gani, 125 au 130 (kwa elfu za inchi) ndio unaofaa.

---

Fundi_Nyuzi

Hoja ya Nyegezi ina uzito, hasa hiyo ya D. Bado kwa laki sita nasimama na nyuzi nne, kwa sababu mbili.

Kwanza, kwa pesa hiyo hiyo, gitaa la nyuzi tano limegawa gharama kwenye mbao zaidi, funguo ya ziada (ile ya kukazia uzi kichwani) na saketi ya betri. Kitu kimoja lazima kilegezwe, na kwa kawaida ni ubora wa shingo au wa kusawazisha freti. Pili, kazi ngumu ya mwezi wa kwanza si noti za kupiga, ni nyuzi za kunyamazisha. Uzi wa tano ni uzi mmoja zaidi unaovuma wakati hujaupiga, tena ndio mnene kuliko yote, na ukipitia spika za kanisa unasikika hadi barabarani. Upana nao si mdogo: shingo ya muundo wa Jazz, besi nyingine ya Fender, ni milimita 38 hivi kule kichwani, Precision karibu 41, na nyuzi tano hufika 45 au zaidi.

Kuhusu D, legeza uzi wa E uwe D. Unakumbuka tu kwamba kwenye uzi huo kila noti imesogea freti mbili kuelekea bodi. Kwa E flati legeza zote nne nusu hatua, yaani kiasi cha freti moja, au uzi wa E peke yake. Na tangu siku ya kwanza jifunze mishororo isiyotumia uzi wazi. Mkono ukishika umbo la noti mama ya ufunguo, noti ya tano kutoka hapo na oktavu yake, kwaya ikipanda nusu hatua katikati ya wimbo unasogeza mkono wote freti moja na umbo halibadiliki.

Mwenye vidole vifupi au mtoto, kuna shingo fupi za inchi 30, na Ibanez wana Mikro ya inchi 28.6. Kwa mtu mzima inchi 34 haina shida ukikaa vizuri. Ukitaka jipya lenye jina siku ukiongeza bajeti, Yamaha TRBX174 na Squier za ngazi ya chini ni za kuaminika, na nyingi ni za nyuzi nne zisizo na betri.

---

Dada_Toni

Sabufa: kwa sauti ya chini sana, ndiyo. Kwa sauti ya kufurahia, hapana.

Muziki unaotoka kwenye simu umeshabanwa, kishindo chake hakizidi kiasi. Kidole kinapodunda uzi wa besi, sehemu ya kwanza ya mlio ni kubwa mara nyingi kuliko ile inayofuata. Koni inaruka hadi mwisho wake, koili inagonga nyuma, na baada ya wiki kadhaa unasikia sabufa inakohoa. Isitoshe gitaa lisilo na betri likichomekwa moja kwa moja kwenye AUX hutoa sauti hafifu iliyofubaa, kwa sababu tundu hilo linanyonya sauti za juu. Hata miksa ya kanisani iko hivyo: pitisha kwenye di-ai boksi (kiboksi cha kuunganishia gitaa na miksa), au kwenye tundu la gitaa lililoandikwa Hi-Z kama lipo.

Kwa nyumbani tafuta kiamplifaya kidogo cha hedifoni cha besi. Kinachomekwa kwenye jeki ya gitaa, kinatumia betri ndogo, na kina tundu la kuingiza wimbo kutoka kwenye simu ili upige nao pamoja. Majirani hawasikii, na wewe unasikia kila kosa. Kwa hela itakayobaki kwako, hicho ndicho cha kwanza, kisha nyuzi mpya, kebo, mkanda na mfuko. Mkanda uwe mpana, sentimita 7 au 8, maana gitaa ni kilo nne hivi na mwembamba utakukata bega. Kebo iwe ya ala, ile yenye wavu wa shaba unaozunguka waya wa kati. Kebo ya spika ina jeki za kufanana kabisa lakini haina wavu, itakuletea mvumo na utadhani gitaa ni bovu.

Ukikutana na amplifaya ya mtumba ya bei nzuri, geuza usome nyuma kabla ya kuuliza kitu. Zilizotoka Japani nyingi zimeandikwa 100V, na umeme wetu ni 230V. Ukiichomeka hivyo hivyo inaungua fyuzi ukiwa na bahati, transfoma usipokuwa nayo. Inahitaji transfoma ya kushushia, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa. Ingiza gharama hiyo kwenye bei.

---

Besi_Nyegezi

Kuhusu kuagiza Kariakoo: ni zaidi ya kilomita 1,100 ndani ya buti la basi, chini ya mabegi na viroba. Kinachovunjika ni shingo pale inapoungana na kichwa. Mwambie muuzaji alegeze nyuzi hatua moja au mbili, asizitoe zote, maana trasirodi iliyokazwa ikikosa mvuto wa nyuzi inaipinda shingo kwenda nyuma. Chini ya kichwa pajazwe godoro au nguo kiasi kwamba kichwa kisicheze, na boksi liwe gumu. Na ukishalipokea huna tena nafasi ya kupima kabla ya kulipa, jambo ambalo hapa Mwanza unalo bure.

---

Kwaya_Buzuruga

Wakuu, nimelipima la mtumba. Shingo haijajinyonga. Kadi ya benki inapita freti ya 7 na nafasi inabaki kidogo. Freti ya 12 uzi wa E uko juu milimita 4. Tundu la trasirodi lipo kichwani, pembe zake nzima, na spana ya 4 imekaza kidogo bila kugoma. Hakuna freti iliyokufa. Nobu ya toni inakwaruza. Ameshuka hadi laki tatu na ishirini. Nichukue?

---

Fundi_Nyuzi

Chukua. Marekebisho yako ni haya, usiruke mpangilio.

Badili nyuzi kwanza, seti ya unene wa 45 hadi 105, uzi mmoja baada ya mwingine. Pitisha uzi mpaka uizidi funguo yake kwa sentimita 10 hivi, ukunje pembe kali mahali hapo, ndipo ukate mbele ya mkunjo. Ukikata kabla ya kukunja, waya wa nje unaweza kuteleza juu ya ule wa ndani na uzi unakufa sauti ukiwa mpya. Mizunguko miwili au mitatu kwenye funguo, ikishuka kuelekea chini.

Tyuni. Sasa trasirodi: legeza nyuzi kidogo, zungusha spana kuelekea mwendo wa saa robo mzunguko, basi. Tyuni tena, pima kwa karatasi. Liache hadi kesho, mbao hazitii papo hapo. Kesho robo nyingine kama bado. Ukifika mzunguko mzima bila badiliko, simama, usilazimishe, mpelekee fundi.

Karatasi tatu zikishapita kwa kugusa, ndipo ushuke kwenye daraja. Skrubu ndogo za kila kipande, spana ya milimita 1.5 mara nyingi, zishushe mpaka rula ya shule isome milimita 2.5 chini ya uzi wa E pale freti ya 12, na 2 kwa G. Uzi ukianza kukwaruza, upandishe nusu mzunguko. Usianze na daraja kabla ya shingo, utayarudia yote.

Mwisho ni ulinganifu wa oktavu. Piga ule mlio wa kugusa kwenye freti ya 12, kisha bonyeza freti hiyo hiyo upige. Programu ikionyesha wa kubonyeza uko juu, rudisha kipande cha daraja nyuma, mbali na shingo. Ukiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kabla ya kusogeza, tyuni, pima tena, mpaka sindano ikae mahali pamoja kwa yote mawili.

Ukimaliza kupiga futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake. Jasho pamoja na unyevu wa huku ziwani ndivyo vilivyozilisha kutu zile za mwanzo. Na usilitundike ukutani chini ya bati bila dari, joto la mchana litairudisha shingo ulikoitoa.